Madawati Yanayopita Dirishani

Tarehe 6 Februari

Dada yangu kipenzi,

Kabla hujauliza: ndiyo, mimi ndiye mwalimu bora aliyewahi kukanyaga shule hii, na wewe nimekuhesabu humo. Usinune. Darasa lako nimelifundisha bila cheti, bila kitabu cha mwalimu, kwa kipande cha chaki kidogo kuliko jino la mtoto, na hakuna aliyelia isipokuwa mimi. Huko chuoni wakikwama kwenye jambo gumu, waambie watume gari linifuate.

Haya, salamu. Mimi mzima, tena Mama anasema nimezidi. Yeye goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto ananikimbiza nalo uani vizuri tu. Mwanao anakula, anacheza, na kila akiona mtu kabeba begi anauliza kama ni wewe. Nimemwambia umekwenda kuongezewa akili. Akaniuliza, "Kwani za mwanzo kaziweka wapi?" Huyo damu yangu kabisa, wewe ulimzaa tu.

Naandika kwa kalamu na karatasi kama mzee wa mahakama kwa sababu chuo chenu kimewanyang'anya simu. Nivumilie mwandiko. Unajua mimi na shule tuliachana kidato cha kwanza, kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Sasa habari zenyewe. Mkuu aliponiita nilidhani ni bawaba ya mlango wa stoo imeng'oka tena. Akasema, "Fundi, dada yako kaenda kusoma na ofisi ya elimu haijaleta mtu. Kaa na darasa la pili mpaka walete." Nikamwuliza nifundishe nini. Akafikiri, akasema, "Wasitoroke." Basi hilo ndilo somo kuu, na nikipata nafasi naongeza kujumlisha.

Lakini dada, mbona hukuniambia? Miaka yote nilikuwa napita nje na nyundo yangu, sikujua huko ndani mnaishi vipi. Kalamu nyekundu ni moja kwa walimu wote! Inapokezanwa pale ofisini kama mtoto mchanga, kila mtu anataka aishike kidogo. Mwalimu wa Hisabati anaificha kwenye nywele, halafu anatusaidia kuitafuta. Kifutio cha ubao ni soksi ya Mkuu. Mwenzake bado yuko mguuni. Chaki anaigawa yeye mwenyewe asubuhi, na ukirudi kuomba kipande kingine lazima umwonyeshe vidole vyeupe, aamini kwamba cha kwanza hukukiuza.

Na wanao wote wako chini, kwenye saruji. Yule msichana mdogo mwenye sauti ya kuamrisha, wanayemwita Bi Mkubwa, anakuja na kipande cha gunia. Anakikung'uta, anakitandika, anakaa, anavuta sketi ifunike magoti, ndipo anageuka kuwaambia wenzake wanyamaze kwa sababu mwalimu ana kichwa. Ni kweli ninacho.

Basi mimi si mtu wa kukaa nikasikitika. Nimebuni. Unajua madawati ya shule nzima hayazidi ya kutosha darasa moja, na yako darasa la saba kwa ajili ya mtihani wao. Nani aliyeyafumua na kuyaunga upya? Mimi. Nani ajuaye kwamba madirisha ya nyuma hayana nondo? Mimi tena. Kwa hiyo sasa darasa linaloandika ndilo linalopewa madawati. Wakubwa wanayatoa kwa dirisha lao, wadogo wanayapokea kwa dirisha letu, na vitabu vimekaa juu yake. Nikipiga mluzi wanaanza, na wanaimba ili wasibanane vidole. Wimbo ukiisha, darasa limekaa. Mkuu alipoona alishika kiuno, akasema, "Fundi, wewe ungesoma ungetutesa."

Jibu upesi. Mama anasema usilale na dirisha wazi.

Nduguyo,
Profesa wa Nati na Misumari


Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu mtundu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nacheka, ya pili nilikuwa nasahihisha, na wino ukakaribia kuniishia. "Bawaba" umeiandika vizuri. Mengine tutaongea.

Mimi sijambo. Tunalala wanne chumbani, mmoja anakoroma kwa bidii kuliko anavyosoma. Masomo ni mengi na wengi wa wenzangu ni vijana wa kunizaa, samahani, wa kuwazaa mimi. Unaona usingizi unavyonifanya. Mbusu mwanangu. Usimjaze maneno. Mama apake ile dawa ya goti hata kama inanuka, na asikukimbize uani, ingawa najua unastahili.

Hayo madawati ya dirishani yamenichekesha, kisha yameniuma. Sikukuambia hali ya ndani kwa sababu ninakujua. Ungeigeuza kichekesho cha kijiweni jioni hiyohiyo.

Sasa weka utani pembeni, nisikilize. Mwaka jana niliomba ofisi ya elimu madawati na vitabu vya kusoma vya darasa la pili. Niliomba, nikafuatilia, nikafukuzwa, nikarudi. Rafiki yangu aliyeko pale ofisini ameniletea habari: mgao upo, ila unatosha shule moja. Ni sisi au ile shule ya ng'ambo ya mto. Atatumwa mtu aje kutazama kwa macho yake, na hatatoa taarifa, ili asiandaliwe.

Siku akija, usihamishe kitu. Sitaki nyimbo. Madawati yabaki darasa la saba, milango iwe wazi, na wanangu wakae palepale chini wanapokaa. Amwone yule anayeandika amelala kifudifudi kama anayechungulia kisima. Amsikie yule mvulana mwembamba anakohoa. Mwaka jana alilazwa kwa kifua wakati wa baridi, na daktari alimwambia mama yake ni ile sakafu. Nimekwisha mwandikia Mkuu, naye kanijibu kwamba kanielewa.

Ni aibu, najua. Hata mimi sipendi mgeni anione nimefundisha hivyo. Lakini tukiimeza aibu hiyo asubuhi moja, baridi ijayo wataikuta wamekaa kwenye mbao.

Umeelewa? Niandikie neno hilo kwanza, halafu ndipo uanze majigambo yako.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada,

Nimeelewa. Haya, neno lako hilo.

Salamu zote nimezifikisha. Mama kapaka dawa, nyumba nzima inanuka mafuta ya taa, panya wamehama. Mwanao kaanza kuhesabu. Anafika kumi na moja halafu anarudi sita, anasema kule mbele kuna giza. Nimechelewa kujibu kwa kuwa walimu maarufu tuna kazi nyingi.

Nisikie nilivyo maarufu. Nimewafundisha kutoa kwa vifuniko vya chupa. Nimewachorea ramani ya huku kwetu kwa mkaa sakafuni, wakaikalia, wakaenda nyumbani na mito na barabara kwenye sketi na kaptula, na wazazi wakaja kunitafuta. Mwalimu wa Hisabati miwani yake imevunjika mkono, kaifunga kwa uzi, sasa akiinama inamwangukia puani. Juzi kamsalimia mwashi aliyekuja kuziba ufa, "Shikamoo Mkuu," na yule mwashi kaitikia bila haya.

Watoto wananiita Mwalimu. Mwanzoni nilikuwa nageuka kuangalia nani kaingia. Ofisini bado mimi ni Fundi. Chai ikimiminwa wananiambia, "Fundi, chako kiko pale dirishani," nami nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kwa sababu viti vimekwisha. Sisemi kwamba inaniuma. Ndoo ni imara, niliitengenezea mpini mwenyewe.

Yule mwembamba hajaja wiki hii. Nilipita kwao. Mama yake kasema kifua kimemrudia kidogo, asiwe na wasiwasi Mwalimu wake wa zamani, yaani wewe. Alikuwa kamweka mlangoni juani, mtoto kajifunika hadi masikio, akaniuliza wenzake wamefika herufi gani. Nikamdanganya kwamba tumesimama tunamngoja.

Bi Mkubwa kaniuliza kama ni kweli mgeni atakuja. Sijui nani kavujisha. Nikamwambia huenda. Akatazama nyayo zake, akasema, "Atatuona tuko hivi?" Nikamwambia aendelee kuandika.

Dada, wewe uliwahi kuwajibu nini wakikuuliza hivyo?

Nduguyo,
Mkuu wa Idara ya Vifuniko vya Chupa


Tarehe 18 Aprili

Mdogo wangu,

Leo nina mtihani mchana, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Mimi mzima. Yule mwenzetu bado anakoroma. Nimefurahi kuhusu kumi na moja. Mwambie kule mbele hakuna giza, kuna kumi na mbili.

Uliniuliza huwa nawajibu nini. Huwa nawaambia wa kuona haya ni yule aliyepaswa kuwaletea madawati. Hawaelewi. Lakini wananiona nimekaa nao chini nikisema hivyo, basi inatosha.

Nimesikia yule mtu ameshaanza kuzunguka. Je, amefika kwenu? Nijulishe mara moja. Na yule mgonjwa wangu, mpeleke zahanati, usingoje mama yake aseme kidogo tena.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada yangu,

Huku salama. Paa la jikoni lilikuwa linavuja juu ya jiko, sasa linavuja pembeni, hayo ni maendeleo. Mama kanishonea shati jeupe kutokana na lile shuka la zamani. Nikilivaa majirani wanadhani nimeajiriwa benki. Mwanao amejua kumi na mbili. Mgonjwa nilimpeleka zahanati kwa mgongo wangu, kapewa dawa, karudi darasani, nimemkalisha juu ya gunia la Bi Mkubwa na Bi Mkubwa amekubali kwa masharti mengi.

Mgeni alikuja. Ni mtu mzuri, mpole, ana kikohozi cha kistaarabu. Alizunguka. Aliondoka amefurahi.

Mwalimu wa Hisabati bado hajapata miwani. Kalamu nyekundu imekauka, sasa anasahihisha kwa penseli na kuandika pembeni "hii ni nyekundu". Mkuu amepata chaki kidogo, anatembea kama mtu aliyeoa.

Mtihani wako ulikwendaje?

Nduguyo


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama na mwanangu. Leo sina salamu ndefu.

Mgao umekwenda ng'ambo ya mto. Rafiki yangu ameipata taarifa ya yule mgeni, akaja nayo chuoni, akanisomea. Inasema shule yetu kila darasa alilopita lina madawati ya kutosha na vitabu mezani, na kwamba uongozi haukutaja upungufu wowote. Kila darasa! Nilimwambia asome tena, nikidhani ameshika ya shule nyingine.

Nimekaa na jambo hili nikiligeuza. Ni nani mwenye faida? Ni Mkuu. Anakaribia kustaafu, anataka aondoke akisifiwa kwamba shule yake haikupungukiwa na kitu. Aliniandikia kwa mkono wake kwamba amenielewa, kumbe kichwani anapanga lake. Nimeandika ofisi ya elimu. Nimewaambia kwamba alimdanganya mgeni wao kwa makusudi, na nimetia sahihi yangu. Nasikia wamemwita, na asipojieleza vizuri watamwondoa kabla ya muda wake.

Nawe uliniandikia "aliondoka amefurahi." Ulikuwepo. Uliona yanayofanyika ukanyamaza kwa kumwogopa Mkuu? Sikukuwazia uoga, wewe unayejigamba hata ukiwa umelala.

Baridi imeanza huku. Huko je?

Dada yako


Tarehe 20 Juni

Dada,

Mama na mwanao wazima. Baridi imeanza.

Barua yako nimeishika siku nyingi. Kila nikikaa kujibu, natafuta msumari wa kupigilia mahali.

Mkuu hakuwepo siku ile. Alikuwa amekwenda hukohuko ofisi ya elimu kuomba chaki. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba amepata chaki. Mimi nilikuwa uwanjani nafunga kengele iliyolegea, nimevaa lile shati jeupe, na gari likasimama. Akashuka bwana mmoja mwenye faili, akaja moja kwa moja kwangu, akanipa mkono. Akasema, "Samahani, Mwalimu, nimekuja bila taarifa."

Nikasema karibu. Nyundo nikaiweka mfukoni nyuma.

Mwalimu wa Hisabati angeweza kumpokea, lakini alitoka mlangoni, akaangalia upande wetu, akasalimia mti, akarudi ndani. Basi nikamzungusha mimi. Tukaanza darasa la saba, wako kwenye madawati kama kawaida. Nikatoa hotuba mlangoni. Sijui ilitoka wapi, dada, nilizungumza kama redio: historia ya shule, ubora wa upepo, umuhimu wa mbao ngumu. Tukiwa tunageuka kwenda la sita, nikasikia wimbo umeanza nyuma ya jengo.

Watoto wamezoea, si unajua. Wakiona pilikapilika wanadhani ni zamu ya kuhamisha. Walianza wenyewe. Mimi nilikuwa mbele na mgeni, ningefanya nini? Nikaendelea kuhutubia mpaka wimbo uishe, tukaingia, la sita limekaa. Hotuba tena, wimbo tena, la tano limekaa. Walikuwa wakikimbia na yale madawati kama watu wanaookoa vitu kwenye moto. Mgeni akasema, "Watoto wenu wanapenda kuimba." Nikasema sana. Kuna dawati moja lina jogoo aliyechorwa kwa kisu. Alilikuta la sita, akalikuta la tano, akalikuta la tatu. Akanong'ona, "Na wanapenda jogoo." Nikasema ndiye alama ya shule.

Ungekuwepo ungecheka. Nilikuwa naandika hapa nikitaka ucheke.

Tukafika kwetu. Wanao wamekaa juu ya mbao, wanahema, na vitabu vya la saba mbele yao wamevishika juu chini. Yule mwembamba hakukohoa hata mara moja. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Bi Mkubwa akasimama akaamkia kwa niaba ya wote.

Gari lilipoondoka, wakubwa wakaja kuchukua madawati yao. Bi Mkubwa kalishika lile la jogoo kwa mikono miwili. Kaniambia, "Mwalimu, si mgeni ameshaona ni yetu?" Ikabidi nimbandue vidole. Hakulia. Alikwenda akakung'uta gunia lake akakaa.

Mkuu ameitwa, ni kweli. Karudi, kavua kofia, kakaa ofisini kwake. Wamemwambia arudi tena mwezi ujao na maelezo. Nilimwambia siku ileile aliporudi na chaki kwamba mgeni alikuja na madawati yalitembea. Akafumba macho, akasema, "Watoto ni watoto." Hajataja jina langu popote.

Kwa hiyo usimlaumu yeye. Wala usiwalaumu watoto. Ni mazoea tu.

Nduguyo


Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Sikucheka. Nilifika kwenye vidole vya Bi Mkubwa nikaikunja barua, nikaimaliza kesho yake.

Ofisini nimeandika tena leo, kwamba nilimsingizia Mkuu na kwamba hakuwepo. Yeye nimemwandikia pia. Mzee wa watu, nilimtia sahihi yangu usoni bila hata kumwuliza. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Lakini wataniuliza, kama si yeye, ni nani? Sijawajibu, kwa sababu wewe hujanijibu mimi.

Nimefundisha darasa la pili miaka mingi. Watoto wadogo hawaanzishi wimbo wa kuhama wenyewe. Wanamngoja mtu awaanzishie. Na watu wa ofisi ya elimu hawaondoki shuleni bila kuuliza, tena kwa mdomo, shule inahitaji nini. Wanauliza hata mahali wasipokuwa na kitu cha kutoa. Taarifa inasema uongozi haukutaja upungufu. Mkuu yuko mjini, Mwalimu wa Hisabati anasalimia miti. Uongozi huo ni nani?

Sitaki hotuba. Sitaki jogoo. Alikuuliza nini, na ulimjibu nini?

Dada yako


Tarehe 12 Julai

Dada,

Mama mzima. Mwanao mzima. Yule mwembamba amelazwa tangu juzi. Nimetoka huko sasa hivi, anapumua vizuri kuliko jana, na mama yake amenishukuru kwa kuja. Nilishindwa kumtazama.

Kesho naongozana na Mkuu kwenda ofisini. Nimemwambia yote asubuhi ya leo, akiwa anagawa chaki. Walimu wengine walikuwepo, nami sikungoja watoke. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kama nina shati safi la kwenda nalo. Sijui kama wataturudishia lolote. Rafiki yako atakuwa anajua kuliko mimi, lakini naona madawati ya ng'ambo ya mto yameshakaliwa, na wale pia ni watoto.

Wimbo niliuanzisha mimi. Nilipiga mluzi mlangoni mwa darasa la saba, ule mluzi wetu wa kuhamisha, nikajifanya namwita mtu. Barua yako ya kuniambia nisihamishe kitu nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno, na nilikuwa nayo hata nilipokuwa napiga. Si kwamba nilisahau. Kaniita Mwalimu, dada. Mtu mzima, mwenye faili, mbele ya shule nzima. Nikajiona namfungulia mlango wa darasa langu, naye anawatazama wale waliokaa chini, kisha ananitazama mimi, na macho yake yanabadilika, anagundua kwamba ni fundi tu aliyewekwa awalinde wasitoroke. Hilo sikuliweza.

Nilijidanganya kwamba nawasitiri wao.

Hata hivyo bado ningeweza kuyarekebisha, na hapa ndipo sikutaka kukufikisha. Tulipotoka darasa letu alisimama kwenye korido, akafungua faili, akasema, "Mwalimu, mnahitaji nini hapa?" Nikaanza kuhutubia habari za upepo. Akatabasamu, akaningoja nimalize, akauliza tena, taratibu, kama mtu anayetaka kusaidia na anakuomba umpe sababu. "Sema tu. Mnapungukiwa na nini?" Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Bi Mkubwa alikuwa amekaa, miguu haifiki chini, ananitazama mdomoni.

Nikamjibu, "Hatupungukiwi na kitu."

Mdogo wako